Mwenzangu anakohoa na ameniomba nisimtaje

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni msimamizi wa zamu katika mgodi wa chini ya ardhi, na nina watu 14 ninaoshuka nao kila siku. Kwa wiki 5 sasa, mmoja wao, mchorongaji (mtoboa mwamba kwa mashine) ambaye nimefanya naye kazi kwa miaka 11, anasumbuliwa na kikohozi kisichokatika. Mwanzoni nilidhani ni vumbi tu, maana hata mimi hukohoa kila asubuhi kama yeyote aliyezoea kazi hii, lakini mwenzangu amekonda hadi mkanda wa kubebea betri ya taa ameutoboa matundu mawili mapya kwa msumari ili usimdondoke, na anaolala nao chumba kimoja wanasema huamka usiku shuka likiwa limelowa jasho.

Nilimwita pembeni nikamshauri aende zahanati ya mgodi. Alinishika mkono akaniomba, kwa ajili ya wanawe, nisimtaje popote. Hofu yake ninaielewa. Mwaka jana wachimbaji wawili wa zamu nyingine, walioajiriwa kupitia mkandarasi kama yeye, walipelekwa kupimwa na hawakuonekana tena kazini. Mikataba yao ilipokwisha haikuongezwa, na hakuna aliyeeleza sababu. Tangu siku hiyo watu wamejifunza kumeza kikohozi. Nimewaona wakijizuia mpaka macho yakawatoka machozi, ili tu wapite mbele ya dirisha la zahanati kimya.

Uongozi nao una wasiwasi, na wiki iliyopita ulitoa waraka unaoagiza lifti ya kushukia inyunyiziwe dawa mara mbili kwa siku, kila mtu awe na kikombe chake, na tuache kupeana mikono. Waraka huo haukugusa chumba tunacholala watu 8, chenye dirisha moja ambalo tulilipigilia misumari wenyewe kwa sababu ya vumbi na mbu, wala haukugusa choo cha chini ambacho kimejaa kwa miezi miwili sasa, kiasi kwamba watu hujisaidia kwenye njia za zamani zisizotumika.

Nikinyamaza, nawaweka hatarini wenzetu na familia zao, akiwemo mtoto wake wa miaka 3 ambaye yeye huenda kumwona kila mwisho wa mwezi. Nikisema, nitakuwa nimemkatia riziki mtu aliyeniamini. Je, nimripoti? Na je, yaliyoagizwa katika waraka ule yanatosha kutukinga?

Msimamizi wa zamu

JIBU

Ndugu Msimamizi,

Usimripoti ofisini, na wala usimruhusu ashuke zamu nyingine kabla hajapimwa. Najua mambo hayo mawili yanaonekana kupingana, na nadhani ndiyo maana umekosa usingizi, lakini nafasi uliyonayo inakuruhusu kuyatimiza yote mawili kwa pamoja.

Siwezi kumtambulia mtu ugonjwa kwa barua. Hata hivyo, kikohozi kilichozidi wiki 2, kukonda, homa za jioni na jasho la usiku ni dalili ambazo mhudumu yeyote wa afya akizisikia hufikiria kifua kikuu kwanza, na kwa mtu aliyetumia miaka 11 akichoronga mwamba hufikiria hivyo mapema zaidi. Vumbi la mwamba wenye silika, madini yaliyomo katika miamba mingi, halikwaruzi koo tu. Vumbi mnaloliona likitua mabegani si lile la kuogopwa zaidi, kwa kuwa chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo mno kuonekana kwa macho, na zikishafika huko humezwa na chembechembe za kinga zilezile ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu vya kifua kikuu. Chembechembe hizo huharibika na kufa, na mlango wa mapafu hubaki na mlinzi dhaifu. Ndiyo maana mchimbaji aliyevuta vumbi hilo kwa miaka mingi hupata kifua kikuu kwa urahisi kuliko jirani yake asiyeingia mgodini, hatari hiyo humfuata hata baada ya kuacha kazi, na akiwa pia anaishi na virusi vya UKIMWI hatari huongezeka maradufu na zaidi. Kwa hiyo unapomsikia mtu akisema "ni vumbi tu", mkumbushe kuwa vumbi na kifua kikuu ni washirika wa muda mrefu.

Sasa turudi kwa rafiki yako. Kaa naye faraghani, mbali na ofisi na mbali na wenzake, umweleze mambo matatu bila kuzunguka. La kwanza, hatashuka mpaka apimwe, na huo ni uamuzi wako kama msimamizi, sawa na ambavyo usingemruhusu mtu aliyeteguka mguu apande ngazi. La pili, ikiwa haiamini zahanati ya mgodi, aende kituo cha afya cha nje, atoe makohozi yapimwe na apigwe picha ya kifua. La tatu, wewe huhitaji kujua jina la ugonjwa wake. Kinachokuhusu ni karatasi ya daktari inayosema kwamba hafai kwa kazi hadi tarehe fulani, na katika daftari la zamu andika hivyo tu: mgonjwa, ana ruhusa ya daktari. Katika nchi nyingi mhudumu wa afya anatakiwa kutoa taarifa ya kila mgonjwa wa kifua kikuu kwa mamlaka za afya, na taarifa hiyo haina uhusiano wowote na mwajiri. Mweleze hilo mapema, asije akatishwa na fomu atakayoona ikijazwa.

Atakuuliza kuhusu wale wawili wa mwaka jana, na usimdanganye kwamba hayatamkuta. Mwambie lililo kweli, kwamba akikaa hivi hivi ataporomoka mwenyewe mbele ya watu wote, na siku hiyo hatakuwa na daktari wa kumtetea wala karatasi mkononi. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6, miwili ya mwanzo kwa dawa nne na minne inayofuata kwa dawa mbili, na uwezo wa kuwaambukiza wengine hupungua haraka katika wiki za mwanzo za matibabu, mradi dawa ziwe ndizo zinazokiua kijidudu alicho nacho. Kile kilicho sugu kina dawa zake na huhitaji uangalizi wa karibu zaidi, ndiyo maana makohozi hupimwa pia usugu. Tarehe ya kurudi kazini ipangwe na daktari. Jambo ambalo wachimbaji wengi wanalielewa kinyumenyume ni hili: humkimbia mwenzao aliyerudi akiwa anameza dawa, ambaye hatari yake imekwisha kushuka sana, huku wakilala kitanda kwa kitanda na yule anayekohoa ambaye hajawahi kupimwa.

Ukitazama vizuri, walichofanyiwa wale wawili ndicho kinachoeneza ugonjwa katika mgodi wenu kuliko kitu kingine chochote. Ofisi iliondoa wagonjwa wawili waliojulikana, ikapata wasiojulikana ambao hakuna ajuaye idadi yao. Hilo linapaswa kusemwa, lakini usiende kulisema peke yako. Tumieni mwakilishi wenu wa usalama na afya, na kama hamna, mchagueni. Mkataba Namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1995 mahususi kwa ajili ya usalama na afya migodini, unawapa wafanyakazi haki ya kuchagua wawakilishi, ya kuelezwa hatari zilizopo na kuripoti wanazoziona, na unataka haki hizo zitumike bila kulipiziwa kisasi. Unamtaka pia mwajiri awaeleze wafanyakazi kuhusu hatari za kibiolojia na kutoa vifaa vya kujikinga bila kuwatoza, pale ambapo njia nyingine hazitoshi. Ulizeni chama chenu kama nchi yenu imeuridhia na sheria zenu zinasemaje. Orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi ya shirika hilohilo, iliyorekebishwa mwaka 2010, inautaja ugonjwa wa kifua kikuu pamoja na ule unaoambatana na silika, na Pendekezo Namba 200 la mwaka huohuo linasema kwamba kuishi na VVU si sababu ya kumwachisha mtu kazi. Ombi lenu la kwanza kwa uongozi liwe moja na liandikwe: atakayepatikana na ugonjwa wa kuambukiza atunziwe nafasi yake hadi amalize matibabu, awe wa kampuni au wa mkandarasi. Mengine yote yatakuwa rahisi baada ya hilo, kwa sababu bila ahadi hiyo hata mkiletewa mashine bora ya kupimia itakaa bila watu.

Kuhusu wenzenu wengine, ikithibitika kuwa ni kifua kikuu, wahudumu wa afya watataka kuwaona waliolala naye, waliofanya naye kazi kwa karibu na watu wa nyumbani kwake, na mnaweza kuomba zamu nzima ichunguzwe ili asinyooshewe kidole mtu mmoja. Mtoto wake wa miaka 3 aonwe mapema kuliko wote. Watoto wa chini ya miaka 5 na watu wanaoishi na VVU, wakishaonekana hawaugui, ndio wa kwanza kufikiriwa kwa dawa za kukinga, ambazo ziko za aina kadhaa, mojawapo ikinywewa mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Lakini msitarajie vidonge vimalize kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako wafanyakazi wote wa maeneo fulani walipewa dawa ya kukinga kwa miezi 9 bila kuchagua nani yuko hatarini zaidi, ulionyesha kwamba waliomeza walikingwa walipokuwa wakimeza, kisha kinga ikapotea, na ugonjwa mgodini kwa jumla haukupungua. Mtu alimaliza vidonge vyake akarudi katika hewa ileile na vumbi lilelile.

Hapo ndipo waraka wenu unaponikera kidogo, nisamehewe na walioutunga. Kifua kikuu hakipatikani kwa kugusa chuma cha lifti, wala kwa kupeana mikono, wala kwa kikombe. Kinasafiri hewani, katika chembechembe anazotoa mgonjwa akikohoa, akiongea au akiimba, na chembechembe hizo hubaki zikielea kwa saa nyingi mahali ambapo hewa haitembei. Lifti yenu imesongamana kweli, na kupunguza idadi ya wanaoingia kwa mara moja kungesaidia, lakini mnakaa humo dakika chache. Chumbani mnakaa usiku kucha. Watu 8, pumzi 8, dirisha moja, na dirisha lenyewe limepigiliwa misumari: kama ningepewa nyundo moja na saa moja katika mgodi wenu, ningeanzia hapo. Ng'oeni misumari leo, wekeni wavu wa mbu dirishani, kisha ombeni litobolewe tundu jingine kwenye ukuta wa upande wa pili karibu na dari, kwa kuwa hewa inayoingia bila pa kutokea huzunguka tu. Wekeni vitanda mbalimbali kadiri nafasi inavyoruhusu, na kila anayeanza matibabu apewe chumba cha peke yake katika wiki za mwanzo.

Chini ya ardhi, mengi yamo mikononi mwako kuliko unavyodhani. Lile bomba la turubai linaloleta hewa huachwa nyuma mara kwa mara kwa sababu watu wanaogopa litachanwa na mlipuko, na matokeo yake ni kwamba feni inanguruma vizuri huku wachorongaji wakifanya kazi mahali ambapo hewa imesimama. Kabla ya kuchoronga, nenda mwenyewe uweke kiganja mbele ya mdomo wa bomba, kisha mahali anaposimama mchorongaji. Usipohisi upepo pale, lisogezeni. Mashine zichoronge kwa maji, mwamba uliolipuliwa ulowanishwe kabla ya kuzolewa, na asiingie mtu mpaka moshi na vumbi la mlipuko viondolewe. Kwa barakoa, neno moja ambalo husahaulika: vile vipumulio vya vumbi vyenye vali ya kutolea pumzi humkinga anayevaa lakini haviwakingi walio mbele yake, kwa sababu pumzi yake hutoka kupitia vali bila kuchujwa. Anayekohoa avae barakoa isiyo na vali, hata anapokwenda kupimwa.

Kuhusu vikombe, waraka umepatia kwa sababu ambayo haukuitaja. Kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu hupita mdomoni, na mahali ambapo choo kimejaa na watu hawana pa kunawia, kikombe kimoja kinachozungushwa zamu nzima ni njia nzuri mno kwa magonjwa hayo. Ila kununua vikombe na kuacha choo kimejaa ni kufuta maji sakafuni huku bomba liko wazi. Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1880 wafanyakazi waliokuwa wakitoboa njia ya reli chini ya mlima wa Gotthard, Uswisi, walipauka na kuishiwa nguvu kwa wingi, na mwaka 1902 hali kama hiyo ilichunguzwa katika mgodi wa Dolcoath huko Cornwall, Uingereza. Mkosaji alikuwa minyoo ya safura. Watu walijisaidia ndani, joto na unyevu wa chini ya ardhi vikaangua mayai, na viluwiluwi vikapenya ngozi ya waliogusa udongo ule. Mgodi wenye joto na tope, penye watu wanaojisaidia katika njia za zamani, hauhitaji kitu kingine ili kuyarudia hayo. Ndoo zenye mifuniko, zinazopandishwa juu na kusafishwa kila mwisho wa zamu, zinaweza kuanza kutumika wiki hii huku choo kikisubiri kunyonywa. Na maji ya kunawa na sabuni viwe pale mnapolia chakula, maana vikiwekwa mbali havitatumika.

Nimeacha jambo moja la barua yako kwa makusudi. Uliandika, kama mtu anayepita tu, kwamba hata wewe hukohoa kila asubuhi. Umelala katika chumba kilichopigiliwa misumari, umeshuka na mchorongaji huyo kwa miaka 11, na umekuwa ukivuta vumbi lilelile. Siku anayokwenda kupimwa, nendeni wote wawili. Kwake itakuwa rahisi zaidi kumfuata msimamizi anayekwenda kutoa makohozi yake mwenyewe kuliko kutumwa na msimamizi anayebaki. Chukueni picha zenu za kifua za zamani kama mnazo, hasa ile mliyopigwa mlipoajiriwa, kwa sababu makovu ya silika na kidonda cha kifua kikuu hufanana sana kwenye picha, na daktari aliye na picha ya zamani ya kulinganisha huona kipi ni kipya. Mtakapoulizwa kazi yenu, msiseme tu kwamba mnafanya kazi mgodini. Semeni mmechoronga mwamba gani, kwa miaka mingapi, kwa maji au bila maji.